Kiwanja cha urithi Kijitonyama: mwekezaji anataka tupandishe ghorofa 8 za vioo. Nani atapanga humo?

#1 Mrithi wa Pili

Wakuu, habari za jioni.

Tuko ndugu wanne. Mzee katuachia kiwanja Kijitonyama, mita za mraba 780, hati safi, hakuna kesi. Kwa sasa kuna nyumba ya zamani nyuma na fremu tano mbele: saluni, duka la dawa, wakala wa miamala, fundi simu na muuza chipsi. Kodi inaingia, hatulali njaa.

Kaka mkubwa kaja na mwekezaji. Yeye anatoa pesa, sisi tunatoa ardhi, tunapandisha ghorofa 8 za ofisi, vioo kuanzia chini mpaka juu, halafu tunagawana. Kaleta hadi picha za kompyuta. Kwenye picha kuna bustani pale anapokaanga mtu wa chipsi.

Msimamo wangu ni kwamba zama za ofisi za vioo Dar zimeisha. Pita Posta, katikati ya mji, saa moja usiku uhesabu madirisha yenye taa, utajaza vidole vya mkono mmoja. Mwekezaji anasema hili letu litakuwa "jengo la kijani", paa zima sola, wapangaji watagombania.

Naombeni uzoefu. Ofisi bado zinapangishika? Na hiyo kijani inalipa kweli, au ni rangi ya brosha?

#2 Natega Kiti

Nimeweka mkeka. Kahawa iko wapi?

#3 Idodomya

Jibu liko huku kwetu. Wizara zimefungasha mafaili zimekuja Mtumba, Dodoma, nyie mnashangaa Posta kuwa giza. Mlitaka zile ofisi zipangwe na kunguru?

#4 Boda wa Makumbusho

Mleta uzi, saa moja usiku ofisi gani inawasha taa? Watu wako kwenye foleni Ubungo muda huo. Ukitaka kuhesabu, nenda saa saba mchana uangalie viyoyozi vya nje, vinavyozunguka na vilivyolala. Mimi hupaki nyuma ya jengo moja kule mjini, maji ya viyoyozi yanadondoka. Zamani ilibidi nihamishe pikipiki kila siku. Siku hizi nakaa pakavu.

#5 Mrithi wa Pili

#4 hapo umenipiga. Nimekubali, taa naiondoa. Lakini ukavu wako ni ushahidi wangu.

#6 Mhasibu Mstaafu

Idodomya una nusu ya ukweli. Tangazo la kuhamia Dodoma lilitoka Julai 2016, Waziri Mkuu akaripoti huko Septemba mwaka huohuo, Rais mwenyewe akahamia rasmi 2019. Kweli wizara ziliacha nafasi. Lakini hayo maghorofa marefu mengi yalishasimama au yalikuwa njiani kabla ya hapo, na wajenzi wake wakubwa walikuwa mifuko ya hifadhi ya jamii.

Tazama tofauti. Mtu binafsi akikopa benki kujenga, riba inamgongea mlango kila mwezi, kwa hiyo kabla ya kumwaga zege anatafuta mpangaji. Mfuko wa pensheni una michango inaingia kila mwezi na unahitaji mahali pa kuiweka. Jengo linaonekana, linapigwa picha, linazinduliwa na kiongozi. Likikaa nusu tupu miaka mitano hakuna anayekuja kulipiga mnada. Mifuko minne ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF ilipounganishwa 2018 kuwa PSSSF, majengo yote yakaangukia kapu moja. Kwa hiyo ofisi zilizidi mahitaji kwa sababu aliyejenga hakuwa na njaa ya mpangaji.

Wewe na ndugu zako mna njaa. Msijilinganishe na mfuko.

#7 Idodomya

Mzee shikamoo. Nusu ya ukweli inanitosha kwa leo.

#8 Bi Vitenge

Mimi nasema dola. Nilipanga ofisi ndogo ya kupokea mzigo, Mikocheni, mkataba kwa dola, kodi miezi sita mbele. Nasaini, dola moja ni kama 2,300. Mwaka 2024 ikapita 2,700. Kitenge nauza kwa shilingi, mteja wangu wa Kigoma hajui dola inafananaje, mimi kila nusu mwaka naongeza gunia la hela kwa chumba kilekile chenye choo kilekile kinachovuja. Nikarudi Kariakoo. Huko kuna mateso yake, lakini ni mateso ya shilingi.

Kanuni za Machi 2025 zimekataza kutaja bei kwa fedha za kigeni, sawa. Mwenye nyumba wangu wa zamani akafanya nini? Kageuza dola zote kuwa shilingi kwa bei ya siku, kazungushia juu. Karatasi imebadilika, maumivu ni yaleyale.

#9 Dalali Mwaminifu

Bi Vitenge, usimseme mwenye nyumba peke yake. Naye kakopa kwa dola, lifti kaagiza kwa dola, hata vipuri vya jenereta.

#10 Bi Vitenge

#9 na udalali wa mwezi mmoja unaoukata nao ni wa dola?

#11 Dalali Mwaminifu

Nimenyamaza.

Ila niongee ninachokiona barabarani, bila kupamba. Kwanza, kampuni zinazouliza ofisi nzima ya ghorofa zimepungua. Wanauliza vyumba viwili, au meza tu kwenye ofisi za pamoja. Baada ya korona wakubwa waligundua nusu ya wafanyakazi wanaweza kubaki nyumbani na kazi ikaenda. Pili, 2025 Wamarekani walipofunga USAID, shirika lao la misaada, miradi mingi ilifungwa, na ile miradi ndiyo ilikuwa wapangaji watamu wa Masaki, Mikocheni na Kijitonyama: wanalipa mwaka mzima, hawachelewi, hawapiki ofisini. Mwezi mmoja nilipokea simu tatu za wenye nyumba wa aina hiyo, wote wanauliza swali moja, "una NGO nyingine?"

Tatu, watu wa mizigo. Bandari kavu ya Kwala imeanza kazi, reli ya kisasa inapita kulekule, sasa wenye pesa wananiuliza ardhi ya maghala Kibaha na Mlandizi. Godauni halina lifti wala vioo, halina mpangaji anayelalamika joto. Mabati, zege, geti pana, basi.

#12 Natega Kiti

Mpaka sasa waliozima taa za Posta ni: Dodoma, mifuko, dola, korona, Wamarekani na Kwala. Wa saba?

#13 Karani wa Ghorofa ya Sita

Wa saba ni jua.

Nilifanya kazi miaka mitatu kwenye jengo la vioo, jina naliacha. Ghorofa ya 6, upande wa magharibi. Asubuhi raha, bahari unaiona. Ikifika saa tisa alasiri jua linaingia mpaka chini ya meza. Viyoyozi vinne vinanguruma na bado shati linaganda mgongoni. Tulibandika maboksi ya karatasi za kudurufia kwenye vioo, mhasibu akahamisha meza yake nyuma ya kabati la mafaili, na huko ndiko alikofungia hesabu za mwaka. Dirisha halifunguki, isipokuwa kipande kimoja juu, ukubwa wa daftari.

Umeme ukikatika, jenereta la jengo linabeba lifti na taa za korido tu. Mwishoni mwa 2023, ule mgao, tulikuwa tunashuka ngazi ghorofa sita kwenda kukaa chini ya mwembe wa jirani na kompyuta mpakato. Bosi akasema kodi tunalipa ya nini, mwembe ni bure. Mkataba ulipoisha tukahamia nyumba ya kawaida Mwananyamala, ina baraza na feni. Bili ya umeme haikufika theluthi ya ile ya mwanzo.

#14 Kibaraza

Mtu wa #13 kaeleza somo zima la ujenzi wa tropiki kwa maboksi ya karatasi.

Mimi nachora majengo. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Jua la mchana liko juu ya utosi, ukuta wa kaskazini na kusini unaukinga kwa kibaraza cha mita moja tu. Adui ni jua la saa mbili asubuhi na la saa tisa alasiri, linakuja limelala, hakuna paa linalolizuia. Kwa hiyo jengo linalala kwa urefu mashariki hadi magharibi, ncha fupi ndizo zinazotazama jua, na hizo ncha unaweka ngazi, vyoo na stoo. Waliojenga flati za zamani za Upanga walijua hivyo: vibaraza virefu, matofali ya matundu kwenye ngazi, upepo unapita. Nenda soko la Kariakoo, kazi ya Beda Amuli, lilifunguliwa 1975. Lile paa la miavuli ya zege halikuwekwa kwa urembo. Linakinga maji ya mvua na kuyapeleka kwenye matangi chini. Miaka hamsini imepita, leo mtu anakuuzia "kijani" kama kitu kilichoshuka na ndege.

Mleta uzi, kiwanja chenu kinatazama wapi?

#15 Mrithi wa Pili

Mbele magharibi kabisa. Jioni wateja wa chipsi hugeuza viti.

#16 Kibaraza

Basi muuza chipsi ameshawafanyia upembuzi yakinifu.

#17 Mpenda Maendeleo

Naona mmeungana kuchukia vioo. Dubai jua ni kali kuliko hapa na kote ni vioo. Harare kuna jengo la Eastgate, la 1996, mchoraji Mick Pearce, limejipoza bila viyoyozi vya kawaida kwa kuiga kichuguu cha mchwa. Tatizo letu ni kukosa ubunifu. Tuige mchwa.

#18 Boda wa Makumbusho

Mchwa wa kwetu wanakula milango tu, hawajengi ofisi.

#19 Fundi Mita

#17 habari ya Eastgate ni ya kweli, ila iko Harare, mwinuko wa karibu mita 1,500. Usiku kunapoa. Lile jengo linavuta hewa baridi ya usiku, linapoza zege, mchana zege linarudisha ubaridi. Dar mwezi Februari saa nane usiku hewa ni nyuzi 26 na unyevu wa kukamua. Utavuta nini? Utapoza zege kwa jasho? Na Dubai wanalipia vile vioo kwa umeme mwingi, sehemu kubwa wa gesi. Kioo chenyewe ni cha tabaka mbili chenye utando wa kuzuia joto, si hiki chetu cha tabaka moja cha rangi ya bluu.

Sasa sola, maana ndiyo imeuza picha za mwekezaji. Tupige hesabu ya penseli. Kiwanja 780, jengo likikalia mita 400, paa ni 400. Toa chumba cha lifti, matangi ya maji na viyoyozi vya nje, inabaki labda 250. Kilowati moja ya paneli inakula mita 5 hadi 6. Unapata kilowati 45. Hapa Dar kilowati moja inakupa kama uniti 4 kwa siku, jumla 180. Ghorofa moja ya ofisi yenye viyoyozi 12 vya BTU 18,000, saa tisa za kazi, inameza uniti 100 na zaidi. Una ghorofa nane za ofisi. Paa lako halitoshi hata ghorofa mbili.

Kuna la pili ambalo wauza sola hawalisemi. Jengo la namna hiyo haliko kwenye ile 357 kwa uniti ya LUKU mliyoizoea. Linaingia T2, kundi la bei la watumiaji wakubwa wa umeme: uniti ni 195 kabla ya kodi, na juu yake unalipia kilele cha matumizi, karibu 15,000 kwa kila KVA (kipimo cha mzigo wa umeme) kwa mwezi. Sasa, siku moja tu ya mwezi wingu likifunika jua saa nane mchana na viyoyozi vyote viko hewani, kilele kimeshaandikwa. Sola imekusaidia uniti, kilele umekilipa kama kawaida. Anayefaidika sana na sola ni yule wa 357, mwenye jengo fupi na paa pana.

#20 Mpenda Maendeleo

Fundi, hapo kwa KVA sikujua. Asante. Bado nasema vioo vinavutia mabenki.

#21 Dalali Mwaminifu

Hilo ni kweli jamani. Msimcheke. Mpeleke mteja wa benki au bima kwenye jengo la matofali ya matundu, anageuza gari kabla hujafungua geti. Na ufungue dirisha kwenye barabara ya Bagamoyo upate nini? Vumbi, honi na tangazo la dawa ya meno.

#22 Jirani wa Nairobi

Hamjambo wabongo. Nawasomea kutoka huku, mnanikumbusha Upper Hill, mtaa wetu wa maofisi. Huko kwetu watu walijenga ofisi mpaka zikazidi, na hatukuhamisha mji mkuu wala nini. Kwa hivyo hiyo stori ya Dodoma peke yake haitoshi.

Majumba ya maduka pia yalituonyesha mambo. Unajenga ukitegemea supamaketi moja kubwa ivute watu, halafu Nakumatt inaanguka, Uchumi inaanguka, Tuskys inaanguka. Mwenye jengo anabaki na ukumbi mtupu wa kucheza mpira. Nilikuwa na vipande vya Fahari, ule mfuko wa majengo ulioingia soko la hisa Novemba 2015 kwa shilingi 20 za Kenya. Jumba lake kubwa lilikuwa Greenspan, na mpangaji mkuu alikuwa Tuskys. Bei iliteremka mpaka chini ya 10. 2023 sisi wadogo tukapewa ofa ya 11 kwa kipande, mwaka uliofuata mfuko ukatoka kwenye soko kuu. Nilichukua hiyo 11 na kufunga mdomo.

Wenye walifaulu ni Acorn na mabweni ya wanafunzi. 2019 walitoa hatifungani ya kijani (ya kukopa pesa za majengo rafiki kwa mazingira) ya kwanza Kenya, majengo yao yana cheti cha EDGE, na vitanda vinajaa kwa sababu wanafunzi hawakomi kuja. Kijitonyama si iko karibu na chuo?

#23 Mhasibu Mstaafu

Jirani, sisi nasi tulionja. Mlimani City, lililofunguliwa 2006 kwenye ardhi ya Chuo Kikuu, supamaketi yake ilikuwa Shoprite, 2014 wakawauzia Nakumatt, Nakumatt nao mnajua. Duka kubwa la Game nalo likafunga 2022. Na bado jumba liko hai na watu wanajazana! Kwa hiyo hata nadharia ya mpangaji mkuu ina mipaka. Pale kuna kituo cha daladala mlangoni na maegesho ambayo huyapati mjini. Pengine hicho ndicho kinachobeba.

#24 Mrithi wa Pili

#22 chuo kipo, Ustawi wa Jamii hatua chache tu. Hili la mabweni sikuwa nimelifikiria kabisa. Hicho cheti cha EDGE ni nini hasa?

#25 Kibaraza

Ni cha IFC, tawi la Benki ya Dunia la sekta binafsi. Unatakiwa kuonyesha jengo litaokoa angalau asilimia 20 ya nishati, 20 ya maji na 20 ya hewa ya ukaa inayotoka wakati wa kutengeneza vifaa vya ujenzi, ukilinganisha na jengo la kawaida la mahali hapo. Angalia, hakisemi sola. Unaweza kukipata kwa vibaraza, mabomba yanayotumia maji kidogo na matofali, kabla hujagusa paneli.

Faida yake kubwa siyo mpangaji. Mpangaji wa Kijitonyama hataongeza kodi kwa sababu ya fremu ya cheti ukutani. Faida ni kwa mkopeshaji. Kuna fedha za kimataifa ambazo haziji bila karatasi kama hiyo. Mwekezaji wenu anapotaja kijani, muulize anamwambia nani: wapangaji wenu, au benki yake?

#26 Wakili wa Kibandani

Hapo #25 umefungua mlango wangu. Mrithi, sahau vioo kwanza. Hati ya mzee inakwenda wapi?

Kwenye hii mikataba ya "ardhi yako pesa yangu", mara nyingi mwenye pesa hana pesa. Ana hati yako. Anaipeleka benki, anaweka rehani, mkopo unajenga. Ghorofa ya tatu pesa inakata, benki inamjua mwenye hati. Mkitaka kugawana vyumba, kuna Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, kila sehemu inapata hati yake. Iandikwe kwenye mkataba nani anapata ghorofa zipi, lini, na hati mama haiwekwi rehani bila saini za wote wanne. Wote wanne, na mirathi iwe imefungwa mahakamani. Kaka mkubwa si msimamizi wa kila kitu kwa sababu alizaliwa kwanza.

#27 Mrithi wa Pili

Wakili... msimamizi wa mirathi ni yeye.

#28 Wakili wa Kibandani

Basi dai mrejesho wa hesabu za mirathi kabla ya kikao kingine chochote. Kwa upole, lakini dai.

#29 Natega Kiti

Uzi umeacha majengo umeingia ukoo. Mkeka nimeuongeza.

#30 Jirani wa Nairobi

Na mimi nilikuwa nataka kuja kuwatafutia wapangaji, lakini Julai 2025 mlitufungia sisi wageni udalali wa nyumba pamoja na zile kazi zingine, jumla 15.

#31 Dalali Mwaminifu

Sheria nzuri sana hiyo.

#32 Bi Vitenge

Wote mnaongelea ofisi na mabweni, hakuna aliyesema fremu. Kuna fremu tano pale zinalipa! Kariakoo kipande cha mita tatu kwa nne watu wanatoa kilemba cha mamilioni kabla hata ya kodi. Ghorofa za juu za ofisi kwenye majengo hayohayo zimegeuzwa stoo. Chini ndiko pesa iliko, juu ni mzigo.

Ila na mimi niseme la moyoni kuhusu huo uendelevu. Jengo nililokuwa nimepanga lilikuwa na ufa nyuma ya rafu. Nikauficha kwa kalenda. Kila baada ya muda kalenda inaachia pini, nafungua, ufa umenenepa. Jirani yetu alikuwa anachimba chini aongeze fremu za chini ya ardhi, usiku, tunasikia nyundo. Nikamwambia mwenye nyumba, akaniletea kalenda kubwa zaidi. Nikahama, wenzangu wakasema nina woga. Halafu Novemba 16, 2024, jengo la mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, likaanguka Jumamosi asubuhi watu wakiwa dukani. Halikuwa hilo nililohama, lakini nilikaa chini sikuweza kusimama. Walikufa zaidi ya 20. Kwa hiyo mtu akiniambia jengo endelevu, namuuliza kwanza, nguzo?

#33 Mhasibu Mstaafu

Pole sana Bi Vitenge.

#34 Fundi Mita

Pole dada. Na 2013 mtaa wa Indira Gandhi lilianguka la ghorofa 16, hatukujifunza. Mrithi, pima udongo kabla ya kusikiliza mtu yeyote humu, mimi nikiwemo.

#35 Mpenda Maendeleo

Kuhusu fremu nina wasiwasi na nyie. Pale Ubungo ilipokuwa stendi ya mikoa kimesimama kituo kikubwa cha biashara cha Wachina, maduka zaidi ya 2,000. Mtu wa Zambia atashuka pale ananunua anaondoka. Fremu za Kariakoo zitashuka bei, na za mitaani zitafuata.

#36 Bi Vitenge

Walisema hivyohivyo kuhusu kila kitu. Mzambia hafuati duka, anafuata mtu anayemkopesha. Mimi namkopesha. Mchina hamkopeshi.

#37 Boda wa Makumbusho

Tena fremu za Kijitonyama hazishindani na Ubungo. Nani atapanda gari kwenda Ubungo kufuata panadol na chipsi?

#38 Idodomya

Uzeni mje mjenge Dodoma. Nasema tena.

#39 Mhasibu Mstaafu

Idodomya, Dodoma nako kila mtumishi anajenga apatimenti za kumpangisha mtumishi mwenzake. Wakimaliza wote kujenga, nani atampangisha nani?

#40 Idodomya

Mzee hilo sijibu mpaka nimalize kuezeka.

#41 Mrithi wa Pili

Nimerudi wakuu, asanteni. Nimemwonyesha dada yangu uzi. Nilivyoelewa, kuna njia tatu mezani: mnara wa kaka, bweni la ghorofa tatu au nne juu na fremu chini, au tuache kama ilivyo tukarabati na kuweka sola ndogo kwa bei ya 357 ya Fundi. Dada anataka ya tatu, mdogo wetu wa Muscat anataka la pili na yuko tayari kuchangia. Kaka kaniuliza nani ananifundisha maneno ya KVA. Kuhusu hesabu za mirathi, nimemgusia, kanyamaza, kisha kasema tutaongea Jumamosi.

#42 Dalali Mwaminifu

Bweni la wasichana au wavulana? Amueni mapema. La wasichana linajaa haraka, la wavulana linavunjika haraka.

#43 Kibaraza

Bweni nalo lina joto, tena la watu wanaolala. Kule mbele magharibi pawe ngazi na vyoo, usinisahau.

#44 Wakili wa Kibandani

Mrithi, Jumamosi nenda na kalamu. Kila kinachosemwa andika, wote wasaini chini, hata kama ni "tutaongea tena."

#45 Mkaango wa Tano

Nimeletewa huu uzi na mteja. Mimi ndiye wa chipsi. Mrithi, mwezi huu nimelipa kodi ya miezi sita kwa kaka yako na hajanitajia ghorofa yoyote. Hilo jua la magharibi ni kweli, nimeshanunua turubai mbili. Mkipitisha bweni, mimi nipo, wanafunzi ndio wateja wangu.

#46 Mrithi wa Pili

Kaka yangu, samahani sana. Miezi sita? Sisi wengine hatuna habari. Unayo risiti?

#47 Mkaango wa Tano

Ninayo, iko kwenye kopo la chumvi.

#48 Mrithi wa Pili

Naomba usiitoe humo mpaka Jumamosi. Na kuna fundi wa kupima udongo anakuja Alhamisi, atachimba shimo moja mbele, usishtuke.

#49 Mkaango wa Tano

Mbele wapi? Hapo nilipoweka jiko?